Anga la Buterere halisubiri darubini

Katikati ya Mei, saa tatu usiku, mtu aliyesimama Buterere, mtaa wa Bujumbura nchini Burundi, akaelekea kusini ataziona nyota nne za Msalaba wa Kusini zimesimama wima, kimo cha ngumi tatu juu ya upeo wa macho kwa mkono ulionyooshwa. Akigeuka kaskazini palepale alipo, ataziona nyota saba za Dubu Kubwa katika kimo karibu kilekile, zimepinduka juu chini. Mkazi wa London hauoni Msalaba huo mpaka asafiri. Mkazi wa Cape Town huambulia vipande tu vya Dubu. Bujumbura iko nyuzi tatu na ushei kusini ya ikweta, kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, hupita mbele ya macho ya watu wake. Kinachowakosa ni kipande kidogo kinachoizunguka Nyota ya Kaskazini, ileile ambayo masomo ya anga ya Ulaya hupenda kuanza nayo.

Utajiri huo haumo katika orodha ya mali za Buterere. Mtaa huu wa kaskazini mwa jiji unajulikana kwa kiwanja cha ndege kilicho jirani, mtambo wa kusafisha majitaka, jalala la jiji na maji yanayotuama msimu wa mvua. Ikitajwa astronomia, mawazo ya wengi hukimbilia Ulaya na Marekani, kwenye darubini za mamilioni ya dola. Mazoea hayo yamezaa kisingizio kwamba elimu ya anga itafundishwa siku vifaa vitakapofika. Hakuna haja ya kuvisubiri. Kifaa kikuu ni anga lenyewe, nalo liko wazi kila jioni isipokuwa ya mawingu, na mtoto wa Buterere analo jema kuliko la mwenzake wa Paris.

Thamani ya kukaa karibu na ikweta iliwahi kuwavuta Waitalia hadi Afrika Mashariki. Walipotafuta mahali pa kurushia roketi miaka ya 1960, walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, karibu latitudo ileile ya Bujumbura. Tarehe 12 Desemba 1970 ikaruka kutoka pale satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka angani. Ikapewa jina Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake siku hiyo. Waitalia walifuata msukumo ambao mzunguko wa dunia huipa roketi ikwetani. Mtazamaji wa macho matupu ana faida yake nyingine: hapa jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na kufikia saa moja na robo nyota zimeshajaa. Mwezi Juni mtoto wa Ulaya ya kaskazini hungoja hadi karibu usiku wa manane ili azione. Wa Buterere, saa hiyo, ameshaziona, amekula na amelala.

Wanaodhani macho peke yake hayatoshi wasome historia. Darubini ilianza kuelekezwa angani mwaka 1609. Kabla ya hapo Tycho Brahe wa Denmark, kwa vipimo vya mbao na chuma, alikwisha kupima nafasi za sayari kwa usahihi mkubwa kiasi kwamba Johannes Kepler alizitumia hesabu zake kugundua kuwa sayari hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu. Mwaka 1572 Brahe huyohuyo aliona nyota mpya ikiwaka pasipokuwa na kitu, akaonyesha kwamba mbingu zilizodhaniwa hazibadiliki nazo hubadilika.

Hata katika zama za vyombo vikubwa jicho halijastaafu. Usiku wa kuamkia 24 Februari 1987, katika kituo cha Las Campanas nchini Chile, mwendesha darubini Oscar Duhalde alitoka nje, akatazama Wingu Kubwa la Magellan, akaona nukta ya mwanga ambayo siku zote haikuwapo. Ilikuwa nyota iliyolipuka, supernova ya kwanza kuonekana waziwazi kwa macho tangu 1604. Usiku huohuo, kituoni hapohapo, Ian Shelton aliikuta kwenye picha aliyoipiga. Wingu hilo la Magellan linaonekana pia kutoka Buterere, chini upande wa kusini, miezi ya Desemba na Januari. Kisha mwishoni mwa 2019 Betelgeuse, nyota nyekundu ya begani mwa kundi la Orioni, ilianza kufifia. Kufikia Februari 2020 kila aliyeizoea aliiona imepungua, bila chombo chochote. Wanaastronomia walikuja kueleza kwamba wingu la vumbi lililotoka kwenye nyota yenyewe ndilo lililokinga sehemu ya mwanga wake. Asiyeizoea hakuona lolote, ijapokuwa ilikuwa juu ya paa la nyumba yake.

Kuzoea huko ndiko kunakohitaji kufundishwa, na katika eneo hili si jambo geni. Kwa Waswahili wa pwani na kwa wakulima wengi wa bara, Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo zilizobanana, kilikuwa kalenda ya jembe. Mwanzoni mwa Mei kishada hicho huzama pamoja na jua, kikapotea kwa wiki kadhaa, kikarudi mashariki alfajiri za Juni. Novemba huchomoza giza linapoingia, wakati mkulima wa Burundi ameshapanda. Miezi ya Kirundi, kuanzia Nzero hadi Kigarama, ilihesabiwa kwa mwezi wa angani kabla ya kubandikwa juu ya kalenda ya Ulaya. Baharini, manahodha wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa upana wa vidole. Mmoja wao, Ahmad ibn Majid wa karne ya 15, alitunga maandishi ya kishairi kuhusu njia za bahari, likiwamo moja la njia ya kwenda Sofala. Ngumi tatu za kupimia Msalaba wa Kusini ni ujuzi wa ukoo huohuo.

Na ujuzi huo haujafa. Mashua za usiku katika Ziwa Tanganyika huvutia ndagala na mukeke kwa taa. Mitumbwi iliyoungwa pamoja, ile mikubwa yake ikiitwa apollo, hushusha wavu chini ya mwanga na kungoja samaki wajae. Mbinu hiyo huishiwa nguvu mwezi unapokuwa mpevu, kwa sababu ziwa zima likiwa jeupe taa haiwi tena kivutio. Siku za mbalamwezi wavuvi hupumzika, na ndagala huadimika. Mvuvi anajua kwamba baada ya mwezi mpevu, kila usiku mwezi huchelewa kuchomoza kwa takriban dakika 50, na kwamba saa hizo za giza zinazoongezeka ndizo za kazi. Mzunguko wa siku 29 na nusu, ambao mwanafunzi huukariri kwa ajili ya mtihani, mvuvi anauishi kwa njaa na shibe. Mtu kama huyo anastahili kualikwa darasani mbele ya mwalimu wa sayansi, akaeleza, mwalimu akachora.

Wa pili wa kualikwa ni imamu. Kila mwaka, jioni ya tarehe 29 Shaabani, waumini wa Buyenzi, Buterere na kwingineko huulizana kama mwezi umeandama. Hilali changa huonekana kwa dakika chache tu baada ya jua kuzama, chini kabisa upande wa magharibi, na hapa upande huo una milima ya Congo iliyo juu ya Uvira, ambayo hula nyuzi kadhaa za upeo wa macho. Hilali ambayo mtu wa Zanzibar angeiona juu ya maji, wa Buterere huenda imeshazama nyuma ya mlima. Mjadala wa kufuata mwandamo wa hapa au tangazo la Saudi Arabia una wanazuoni wake, na gazeti halina fatwa. Hata hivyo kijana anayejua hilali inatafutwa wapi, na kwa nini mwezi huohuo huweza kuonekana mji mmoja usionekane mwingine, atashiriki mjadala huo kwa utulivu zaidi.

Anayetaka kuanza hahitaji kununua kitu. Aanze kwa kuyapa macho muda: huchukua dakika 20 hadi 30 gizani kabla hayajazoea, na kutazama simu mara moja tu huyarudisha nyuma. Tochi ifungwe kitambaa chekundu. Avae nguo ndefu, maana uwanda wa Rusizi una mbu na malaria haina mzaha Burundi. Akae uani au penye watu. Kutanga peke yake porini si sharti la elimu hii.

Somo la kwanza, kwa mtaa uliopakana na kiwanja cha ndege, ni kujua kisicho nyota. Ndege ina taa nyekundu na kijani, na nyingine inayomulika na kuzima. Satelaiti huteleza bila kuwaka na kuzima, na huweza kutoweka ghafla katikati ya anga, pale inapoingia kwenye kivuli cha dunia. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachopita kilomita 400 hivi juu yetu na kuizunguka dunia kwa takriban dakika 90, mara nyingine hung'aa kuliko nyota zote. Baada ya hapo zije sayari. Nyota humetameta, sayari mwanga wake hutulia. Zuhura huonekana jioni magharibi au alfajiri mashariki, kamwe haikai utosini usiku wa manane. Mshtarii inaweza. Mwanafunzi akiambiwa atafute sababu ya tofauti hiyo, ataifikia mwenyewe: Zuhura iko upande wa ndani wa njia ya dunia, karibu na jua, na Mshtarii iko nje.

Kisha zije alama za majira. Mwishoni mwa Januari, saa tatu usiku, nyota tatu za mkanda wa Orioni hupita karibu juu ya utosi, mawingu yakiruhusu. Kwa kuwa mkanda huo uko juu ya ikweta, huchomoza mashariki halisi, nyuma ya vilima vinavyoliangalia jiji, na kuzama magharibi halisi, nyuma ya milima ya Congo. Ni dira isiyo na betri. Mei ni ya Msalaba na Dubu. Julai na Agosti, kiangazi kikiwa kimeondoa mawingu, kundi la Nge hupanda juu likiwa na nyota yake nyekundu, Antares, na kando ya mkia wake Njia Nyeupe huwa pana na nene kuliko sehemu nyingine yoyote. Moshi na vumbi vya kiangazi huweza kuipunguza, hasa chini karibu na upeo, lakini juu hubaki safi. Katikati ya Novemba, upande wa kaskazini, mwenye macho makali huona doa hafifu la ukungu: galaksi ya Andromeda, ambayo mwanga wake umesafiri miaka milioni mbili na nusu kabla ya kufika kwenye jicho lake.

Zoezi moja linatosha kumfanya mtoto awe mchunguzi. Kuanzia hilali hadi mwezi mpevu, kila jioni saa moja, achore kwenye daftari mwezi ulipo na umbo lake. Baada ya siku chache ataona kwamba kila jioni umesogea mashariki zaidi ya ngumi moja ukilinganisha na nyota. Hapo atakuwa ameugundua mwenyewe mwendo wa mwezi kuizunguka dunia, na ataelewa kwa nini saa za giza za mvuvi hubadilika kila usiku. Wapo watakaouliza kama haya yanajaza sufuria. Yanamfundisha mtoto kutazama, kupima, kuandika, kubashiri na kurudi kesho kuhakiki, na hayo ndiyo atakayohitaji akiwa muuguzi, fundi wa umeme au bwana shamba.

Majirani wameonyesha njia. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa likabaki pete, watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali nchini Tanzania, na elimu ya kulitazama kwa usalama ilikuwa imetangulia. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania amewaeleza wananchi mambo ya anga kwa miaka mingi. Nchini Kenya, Susan Murabana na Daniel Chu Owen huzunguka na darubini yao mashuleni. Burundi inaweza kuanza kwa gharama ndogo zaidi: tangazo la dakika tano redioni kila mwanzo wa mwezi, kwa Kirundi na Kiswahili, likisema nini kitaonekana, upande gani na saa ngapi.

Tangazo hilo lingekuwa na kazi tayari. Jioni ya 7 Septemba 2025 mwezi mpevu ulichomoza juu ya Burundi, na kufikia saa moja na nusu usiku kivuli cha dunia kilikuwa kimeumeza wote, ukabaki mwekundu kwa dakika 82. Kupatwa kwa mwezi hakuhitaji miwani wala tahadhari yoyote ya macho, na saa yenyewe ilikuwa ya watoto. Kwingine kutakuwa alfajiri ya 28 Agosti 2026. Kivuli kitaanza kuumega mwezi saa kumi na dakika 34, na zaidi ya nusu ya uso wake itakuwa imefunikwa kabla haujazama nyuma ya milima ya Congo. Shule zitakuwa likizo, kwa hiyo kazi ya kuwaamsha watoto iwe ya wazazi, makanisa na misikiti. Wanaokwenda kuswali alfajiri watakuwa macho tayari. Mtoto aoneshwe ukingo wa kivuli kile: ni wa mviringo, na tangu Aristotle watu wameutumia kama ushahidi kwamba dunia ni duara.

Limebaki suala la taa, na hapo jiji lenyewe linahusika. Mwaka 2016 Fabio Falchi na wenzake walichapisha ramani ya dunia ya mwanga wa usiku. Ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na taa, na zaidi ya theluthi moja hawawezi kuiona Njia Nyeupe wanapoishi. Mwaka 2023 Christopher Kyba na wenzake, wakitumia taarifa zaidi ya 51,000 za watu wa kawaida waliotazama nyota kwa macho matupu, walikadiria kuwa mwanga wa anga umekuwa ukiongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka tangu 2011. Kwa kasi hiyo, mtoto anayezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 atabakiwa na 100 hivi akitimiza miaka 18.

Burundi haijafika huko, na sababu yake si ya kujivunia: takriban mtu mmoja kati ya kumi ndiye anayepata umeme. Mkunga anayezalisha kwa tochi, mwanafunzi anayesoma kwa kibatari, mama anayerudi usiku kutoka sokoni, wote wanahitaji mwanga, na sehemu ya Burundi katika megawati 80 za mtambo wa umeme wa Rusumo inazogawana na Rwanda na Tanzania inapaswa kuwafikia. Hakuna anayepaswa kuwaomba watu wakae gizani ili wengine waone nyota. Tena hakuna haja. Taa inayomulika juu haimsaidii mpita njia, na katika nchi yenye umeme wa kuhesabu ni hasara tupu.

Kanuni za kuigwa zipo. Flagstaff, mji wa Arizona nchini Marekani, ulianza kudhibiti taa zake mwaka 1958 na haukudumaa. Ufaransa, ambayo sheria zake husomwa kwa karibu na wanasheria wa Bujumbura, ilitoa agizo la 27 Desemba 2018 linalotaka taa za nje zisirushe juu zaidi ya asilimia moja ya mwanga wake, na rangi yake isizidi kipimo cha kelvini 3,000, yaani iwe ya manjano kuliko ya samawati. Buterere ina sababu ya ziada: kanuni za kimataifa za viwanja vya ndege zinataka taa za ardhini zinazoweza kuhatarisha usalama wa ndege zizimwe, zikingwe au zirekebishwe.

Kwa hiyo mkataba ujao wa taa za barabarani kaskazini mwa Bujumbura uwe na masharti matatu: kila taa iwe na kofia inayoelekeza mwanga chini, rangi isizidi kelvini 3,000, na nguvu ipunguzwe kuanzia saa sita usiku pale ambapo barabara haina watu. Masharti hayo yaandikwe kabla nguzo hazijanunuliwa, maana kubadilisha taa zilizokwisha kufungwa ni kulipa mara mbili. Ukaguzi wake nao hauhitaji maabara. Mhandisi wa jiji asimame mbali kidogo na nguzo usiku. Akiiona balbu yenyewe badala ya barabara iliyoangazwa, kofia haitoshi, na mkandarasi arudi kuirekebisha kabla ya kulipwa.